Mama alivuka Ziwa Tanganyika 1996 akiwa peke yake, miaka 13. Hasemi. Nimuulize nini?

BintiWaKambini

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo.

Mimi nimezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na sasa tunaishi Iowa, Marekani, mwaka wa saba huu. Mama ni mtu wa Uvira, Kongo. Ninachojua kuhusu safari yake hakijazi kiganja: vita ilimkuta ana miaka 13, akafika Kigoma bila mzazi wala ndugu. Basi. Ukimchokoza zaidi anajibu "tulikimbia kama watu wote", halafu anaanza kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Ila mambo yake yanasema kwa niaba yake. Kabati la jikoni lina pakiti kumi na moja za chumvi. Nimezihesabu. Zikibaki nane anapandisha sauti kwa kila mtu. Na juzi nilikuwa namjazia fomu ya hospitali, kuna sehemu ya magonjwa ya ukoo, nikamuuliza ndugu zako ni wangapi. Akasema watano. Mwaka jana, swali hilohilo, aliniambia wawili. Nilipomkumbusha akaniangalia kama nimemshika na kitu cha wizi.

Kuna mtu humu alikuwa mtoto wakati ule Zaire, Kongo ya leo, inaanguka, akajikuta hana mtu? Mliishije? Na nimuulize nini mama bila kumtonesha?

MzeeWaKibirizi

Marahaba mjukuu wangu.

Novemba 1996 nilikuwa hapahapa Kibirizi, pwani ya Kigoma, natengeneza nyavu. Boti zilikuwa zinaingia alfajiri, zimejaa hadi ubavu wa boti na maji vimebaki shubiri moja. Wavuvi wetu wa dagaa wanarudi na karabai zao, wageni wanaingia katikati yao, pwani ikawa soko lisilo na cha kuuza.

Kigoma tumezoea wageni. Warundi walikuja 1972, wakaja tena 1993. Lakini nitakuambia kitu nilichokiona kwa watoto. Mtoto aliyekuja na watu wake alikuwa analia. Aliyekuja peke yake halii, anatafuta kitu cha kubeba. Unamwona anamnyang'anya mama asiyemjua sufuria, anambebea. Wakati ule nilidhani ni adabu nzuri ya Wakongo.

Mke wangu alipika ugali na dagaa mpaka unga ukaisha. Sitaficha pia kwamba walikuwepo vijana wetu waliouza maji ya ziwa kwa ndoo kwa watu waliotoka kulala juu ya ziwa hilohilo. Baadaye yakaja malori ya kwenda Kasulu, tena na mvua zile.

Mwaka 1997 Rais Mobutu wa Zaire alipoondoka, Liemba, meli yetu ya Mjerumani, ikawarudisha watu Uvira. Safari 22, watu zaidi ya 75,000. Nilikwenda bandarini kuwapungia mkono. Agosti 1998 vita ikaanza upya huko kwao, boti zikaja tena, na baadhi ya sura zilikuwa zilezile. Mmoja aliniamkia kwa jina.

Sio_Siasa

Mwache mama yako apumzike. Kuna watu wamefunga hilo sanduku na ufunguo wakautupa ziwani kwa makusudi. Na wewe dada, hayo ya idadi ya ndugu kubadilika usiyaandike hadharani. Hujui nani anasoma.

FundiBoti_Baraka

Binti, chumvi uliyoitaja ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Niko Baraka, Fizi, natengeneza injini za boti. Mtandao wa huku unakuja na kuondoka kama mgeni anayeogopa kukaribishwa chakula, nikikatika nitaendelea. Kiswahili changu nusu Kigoma nusu Fizi, mnivumilie.

Mwaka ule nilikuwa na miaka 13 kama mama yako. Nilikaa na bibi yangu Mulongwe, Uvira. Mama yangu alishafariki. Baba alikuwa kibarua wa miwa upande wa Kiliba, kaskazini ya mji, anakuja nyumbani mwisho wa juma.

Kwa mtoto, Zaire ilikuwa imekwisha kabla ya vita. Mwalimu wangu alilipwa na wazazi. Asiyeleta makuta alirudishwa mlangoni. Noti zilikuwa na sura ya Mobutu, na mwaka 1993 zilikatwa sifuri, zaire milioni tatu za zamani zikawa moja mpya, na bado muuza mandazi alikuwa anahesabu mafungu. Tangu Agosti 1996 Mobutu mwenyewe alikuwa Ulaya anatibiwa saratani. Hivyo Oktoba tuliposikia milio, baada ya habari za wagonjwa kuuawa hospitalini Lemera, sikumsikia mtu akiuliza serikali inasemaje. Watu walikwenda kuwauliza wazee waliokimbia 1964, wakati wa uasi wa Mulele.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alikataa kuondoka, magoti yake hayakuwa na safari. Akanifungia chumvi kama kilo moja na nusu kwenye leso, akaizungusha kiunoni kwangu, ndani ya shati. Akasema: nguo utavuliwa, hela itakataliwa, lakini kila chungu kinataka chumvi. Usivae kipya. Usitembee na vijana. Tembea nyuma ya akina mama wenye watoto, wakisimama simama. Halafu akanisukuma mgongoni, si kwa upole. Nilipogeuka alikuwa ameshafunga mlango.

Njia ya kusini huwezi kupotea: ziwa mkono wa kushoto, mlima mkono wa kulia, Makobola, Swima, Mboko, hadi Baraka. Mwezi ulikuwa mpevu, barabara nyeupe, tukatembea usiku. Wanajeshi waliotakiwa kutulinda walikuwa wanakimbia barabara hiyohiyo, tena mbele yetu, na magodoro na baiskeli za watu. Kabla ya Swima waliweka bariyeri. Askari mmoja akanivua viatu, akanipapasa, akagusa kiuno. "Nini hii?" Nikasema ni dawa ya ngiri, bibi kanifunga. Akautoa mkono haraka kama ameungua. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu karakana, mafundi wenzangu wanadhani petroli imenipanda kichwani.

Chumvi niliiuza kwa kijiko. Kijiko chenyewe nilikiokota njiani. Watu walikuwa na mihogo, mashamba yako kandokando ya barabara, lakini sombe (kisamvu) bila chumvi na bugali bila kitoweo, siku ya nne mtu anakuwa tayari kukupa shati lake. Niliogopa kuonekana nayo nyingi, kwa hiyo nilikuwa naenda kichakani kama mtu anayejisaidia, nachota kijiko kimoja, narudi nacho kwenye jani.

Njaa basi haikuniua. Kilichonitisha ni asubuhi moja karibu na Mboko, nimeamka na kundi zima nililolala nalo limeondoka, wala hakuna aliyenipiga hata teke kuniamsha. Na kwa nini aniamshe? Mimi si wake. Nilikaa pale mchangani nikaelewa kwamba ningekufa usiku, wangepita pembeni wakidhani nimelala.

Na jambo jingine. Kijana wa miaka 13 asiye na mzigo wala mtu, kila anayemwona anafikiria lake. Mwenye shamba anaona mwizi. Mwenye bunduki anaona mbebaji, au kadogo, askari mtoto. Niliona wenzangu wawili wa mtaani kwetu wakichukuliwa hivyohivyo, hawakupigwa hata kofi, waliitwa tu "njoo hapa".

Pale Mboko kulikuwa na mama wa Kibembe ana watoto wanne, wa mwisho kama mwaka na nusu, mgongo wake umeshavimba kwa kumbeba. Sikumwomba chakula. Nilimwomba mtoto. Nikamwambia mama, niazime huyu nikubebee mpaka kwenye ule mwembe. Akaniangalia muda mrefu. Akanifungia mtoto mgongoni na kitenge chake. Tulipofika kwenye mwembe sikumrudisha, naye hakumdai. Na kuanzia hapo, binti, hakuna bariyeri hata moja iliyonisimamisha. Mvulana mwenye mtoto mgongoni ana mama yake mahali fulani

(mtandao unasumbua, nitarudi)

Mtu_wa_Kadutu

Nimesoma hadi hapo kwenye mtoto nikaweka simu chini.

Mimi nilikuwa na miaka 14, Bukavu, mji ulipochukuliwa na waasi wa Kabila mwisho wa Oktoba. Sikuwa na mtoto wa kubeba. Nikabeba bunduki. Walitupa buti za mvua zile za plastiki, kubwa, tukajaza majani ndani. Mei 17 mwaka 1997 nikaingia Kinshasa nazo, kwa miguu na kwa malori, watu wanatugawia maji njiani, wanatucheka Kiswahili chetu. Watu huuliza kwa nini tulikubali. Jioni kulikuwa na sufuria, na aliyekuwa anapakua alijua tuko wangapi.

Ni hayo tu. Fundi endelea.

FundiBoti_Baraka

Nimerudi. Umeme ulikata na mtandao ukaufuata.

Mtu wa Kadutu, nimekusoma, kaka. Sina la kuongeza.

Hapa Baraka tulikaa zaidi ya wiki mbili tukingoja boti, mpaka mwezi ukafa. Mwenye boti alikataa noti za Mobutu, bibi alikuwa amesema kweli. Yule mama alilipa vitenge viwili na mimi nikatoa chumvi iliyobaki, leso nzima. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuona yote niliyokuwa nayo. Mama yule akaniangalia: kumbe siku zote hizi tunakula bila chumvi wewe unayo? Nilidhani ataninyang'anya mtoto. Akacheka, akasema huyu atakuwa mfanyabiashara. Amekosea, nimekuwa fundi.

Tulipanda watu kama sitini. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwa bidoni iliyokatwa, usiku kucha. Katikati ya ziwa tukaona taa nyingi mbele, mtu mmoja akapiga kelele kwamba ni mji, tumefika. Zilikuwa karabai za wavuvi. Tukazipita, na giza likarudi. Sijawahi kuchoka kama saa ile.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye jibu lako.

Pale Kibirizi kulikuwa na karani ana daftari. Anahesabu familia. Watoto waliofika peke yao walikuwa wanatengwa upande wao, chini ya mti, ili watafutiwe ndugu. Nia ilikuwa njema na leo naijua. Siku ile niliona kitu kimoja tu, watoto waliotengwa, na nilishawaona wengine wakitengwa barabarani. Nikamkaza mtoto mgongoni. Karani akamuuliza yule mama: watoto wangapi? Akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kifupi, pengine karani hakukisikia. Akasema: "Watano."

Basi nikawa wa tano. Nikaandikwa kwa jina la mume wake, kuzaliwa tarehe moja Januari kama watu wote tusiojua tarehe zetu. Kadi ya mgao ikawa saizi sita, yaani watu sita. Wale wa kambini mnajua uzito wa neno hilo: unga wa njano, maharage yasiyoiva, mafuta, chumvi, kila kitu kinapimwa kwa saizi. Mgao wangu nilijua ni wangu kwa sababu uliandikwa. Sikuwa nimeandikwa popote tangu mlango wa bibi ufungwe. Kwa hiyo nilichota maji, nilienda kuni hadi miguu ikachubuka, sikukataa kutumwa hata siku moja kwa miaka miwili, nikiogopa kwamba siku nikikataa atakwenda kwa karani kusema alikosea hesabu.

Kambini kwetu Nyarugusu kulikuwa na ubao wa watu wanaotafutana. Majina, baadaye na picha za watoto. Kila wiki nilikwenda kutafuta jina la baba yangu. Kila wiki halipo. Upande wa pili wa ubao kulikuwa na majina ya watoto wanaotafutwa na wazazi, na mimi ule upande sikuusoma. Kwa nini niusome? Mimi nilikuwa na mama, kadi inasema hivyo. Nilikuwa nimeshaizoea kadi kiasi hicho.

Jina langu la zamani lilikaa upande ule miezi. Baba alikuwa amevuka mwaka 1997, yuko kambi ya Lugufu, mkoa huohuo wa Kigoma, ameniandikisha kwa jina alilonipa yeye. Wanaotafuta wanapekua Nyarugusu nzima, mtoto wa jina hilo hayupo. Ni kweli, hakuwepo. Hapa sina wa kumlaumu. Jina nililificha mwenyewe.

Aliyenifumbua ni mzee mmoja wa Kiliba, mwaka 1999, kwenye mechi ya mpira. Alinifuata uwanjani wakati mpira unachezwa, akanishika kidevu, akasema mwenye sura hii yuko Lugufu na ananywa dawa za presha kwa ajili yako.

Kutoka kambi moja kwenda nyingine kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji maelezo, na maelezo yalihitaji kadi. Tukaitwa ofisini, mimi na yule mama. Wakamuuliza mbele yangu: "Huyu ni mtoto wako?"

Siku ya Kibirizi alisita kabla ya kusema watano. Siku hii alisita zaidi. Halafu akasema hapana. Alilisema akiangalia meza. Karani akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja, saizi sita ikawa tano. Nje tulitembea hadi nyumbani bila neno. Jioni akapika, akapakua sahani sita.

Ndiyo maana mama yako ana ndugu wawili mwaka mmoja na watano mwaka mwingine. Hajasema uongo hata mara moja. Sio_Siasa ana haki kwamba mambo ya mafaili msiyaweke hapa, na mimi binti nakuomba ufute ile sentensi ya fomu. Lakini hilo la kumwacha anyamaze silikubali. Usimuulize "ilikuwaje", hilo swali halina mlango, hata mimi ukiniuliza hivyo nitaosha vyombo. Muulize kadi yao ilikuwa saizi ngapi, na yeye alihesabiwa wa ngapi. Uliza ukiwa unafanya kazi ya mikono naye, usimkodolee macho.

Baba alifariki 2008, hapa Baraka. Yule mama yuko hai, yuko Mboko kwao. Injini za boti za wanawe natengeneza bure, na wao wanajua wasiniulize bei.

MzeeWaKibirizi

Fundi, kumbe ile haikuwa adabu. Miaka yote hii nimekuwa nikiwasifu vibaya.

BintiWaKambini

Samahani nimechelewa, mama anafanya zamu za usiku.

Jumapili tulikuwa tunachambua maharage. Nikamuuliza kama ulivyonielekeza Fundi, bila kumwangalia: mama, kadi yenu ya kwanza ilikuwa saizi ngapi? Mikono ikasimama. Nikadhani nimeharibu. Halafu akasema, "Saba. Mimi nilikuwa wa saba. Nilisimama mwisho kwa sababu nilikuwa mrefu." Akaendelea kuchambua. Baada ya hapo ameongea hadi maharage yameungua, na hajanigombeza.

Sitaandika hapa aliyoniambia, ni yake. Ile sentensi ya fomu nimejaribu kuifuta lakini muda wa kuhariri umepita, nimeandika kwa wasimamizi. Ila nilimsomea habari yako yote, Fundi, kuanzia bibi hadi sahani sita. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu nikuulize: pale Swima, kijiko cha chumvi ulikuwa unauza bei gani?

FundiBoti_Baraka

Mihogo miwili. Mwambie Mboko nilipandisha, ikawa mitatu.

BintiWaKambini

Anasema ulikuwa unaibiwa. Yeye aliuza kwa minne.